Bernardin de Saint-Pierre na Mibuni ya Kilimanjaro

Msafiri atokaye mjini Moshi akapanda kuelekea Kilema hupita katika nchi ya vihamba: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, na mifongo ikiteremsha maji kutoka msituni. Huko Kilema Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao baada ya safari waliyofanya mlimani mwaka 1890, na huko ndiko yasemekanako kuwa mibuni ya kwanza ya Kilimanjaro ilioteshwa, karibu na mwaka 1898. Mapadre hao walitoka Ufaransa, na buni waliyoiotesha ilikuwa ya aina iitwayo Bourbon. Neno hilo lina safari ndefu. Kwanza lilikuwa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Kisha likapewa kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi, mashariki ya Bukini. Hatimaye likapewa buni iliyostawi kisiwani humo. Wafalme wenyewe waliondolewa, kisiwa kikabadilishwa jina kikawa Réunion, lakini buni ingali ikilibeba jina la zamani.

Mwishoni mwa mwaka 1770 alipita Bourbon kapiteni mmoja wa wahandisi wa jeshi la Ufaransa, akiwa njiani kurudi kwao kutoka kisiwa jirani cha Mauritius, ambacho Wafaransa wa zama zile walikiita Isle de France. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, hana fedha, hana cheo cha kumtosha, na amegombana na wakubwa wake kwa mara nyingine. Kati ya karatasi alizochukua mlikuwa na maneno juu ya kahawa ambayo wanywaji wa kahawa wa Paris hawakuwa wamezoea kuambiwa. Baadaye mtu huyo aliandika riwaya iliyoliza Ulaya nzima, na kwa riwaya hiyo jina lake limedumu. Lakini kwa watu wa Afrika ya Mashariki, na hasa kwa watu wa Kilimanjaro, yale maneno ya kahawa yana uzito kuliko riwaya.

Jacques-Henri Bernardin de Saint-Pierre alizaliwa katika bandari ya Le Havre tarehe 19 Januari 1737. Aliipenda bahari tangu utotoni, na alipokuwa kijana mdogo alisafirishwa hata Martinique katika jahazi la mjomba wake. Akarudi amechukizwa na ubaharia lakini hakuchoka kuota visiwa. Alisomea uhandisi Paris, katika shule ya madaraja na barabara, na mwaka 1760 aliingia jeshini kuwa mhandisi katika ile vita iitwayo Vita vya Miaka Saba. Alipelekwa Ujerumani, hakudumu, kwani hakuweza kuwatii wakubwa wake, akaondolewa. Mwaka uliofuata alitumwa Malta, na huko pia akagombana. Kisha akaenda Urusi, akapata kazi katika wahandisi wa jeshi la Malkia Katarina, akawa na mpango wa kuanzisha pembezoni mwa dola ile jamhuri ndogo ya watu wema, watakaoishi kwa kilimo bila ya tajiri wala maskini. Malkia hakuwa na haja na jamhuri. Bernardin akaenda Poland, akapenda mwanamke wa ukoo mkubwa, akaachwa, akarudi Ufaransa na madeni.

Habari hizi za ujana wake zingeweza kupitwa upesi kama zisingeonyesha tabia ambayo haikumwacha maisha yake yote. Alikuwa askari asiyependa amri, na mtu aliyetafuta kila mahali nchi iliyo safi, asiipate, akamlaumu kila aliyemkuta humo. Watu wa namna hii huwa ni wenzi wagumu, lakini aghalabu huwa mashahidi wazuri, maana hawana sababu ya kumsetiri mtu.

Mwaka 1768 alipata kazi tena. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikijaribu kuanzisha koloni kusini ya Bukini, na Bernardin aliandikiwa kwenda na msafara ule. Baadaye alieleza kwamba njiani alitambua kuwa wenzake walikuwa na nia ya kununua watumwa kuliko kujenga nchi, na kwa hiyo akashuka Isle de France asiendelee. Maelezo hayo ni yake mwenyewe, nayo yampendeza mno msemaji. Lakini kwamba alishuka na kubaki ni kweli. Alikaa kisiwani tangu Julai 1768 hata Novemba 1770, akikagua majengo ya serikali na kuchoshwa nayo. Aliyemkaribisha alikuwa Pierre Poivre, mkuu wa mambo ya fedha na utawala, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akistawisha bustani ya Pamplemousses. Bernardin alijifunza mengi kwake, akampenda mkewe pia, na urafiki ukaharibika.

Hapa pafaa kutaja jambo moja pembeni. Mwaka 1770, Bernardin akiwa angali kisiwani, jahazi zilizotumwa na Poivre zilirudi kutoka visiwa vya Maluku na miche ya mikarafuu na mikungumanga, ambayo Waholanzi waliilinda kwa ukali isitoke mikononi mwao. Kutokana na miche iliyoshika katika visiwa hivyo vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Masimulizi humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeuleta. Basi mazao mawili yaliyogeuza maisha ya watu wa Tanzania, karafuu ya Unguja na Pemba na kahawa ya Kilimanjaro, yote mawili yalipitia visiwa vile viwili ambavyo kapiteni huyu alivitembea kwa miguu na kuvieleza. Na huko Unguja karafuu ililetwa pamoja na utumwa wa mashamba makubwa, jambo ambalo lisingemshangaza.

Mwaka 1773 alichapisha kitabu cha safari yake, Voyage à l'Isle de France, kilichopangwa kwa namna ya nyaraka kwa rafiki. Sehemu kubwa ni habari za samaki, upepo, mawe na majani, nazo hazimchoshi apendaye mambo hayo. Lakini umo waraka mmoja uhusuo watu weusi wa kisiwani, na waraka huo ni wa mtu mwingine kabisa: sentensi fupi, hesabu, vitu. Asema watumwa waliletwa kutoka Bukini na kutoka Msumbiji. Aeleza walinunuliwa kwa nini: baruti, bunduki, nguo, na fedha. Aeleza saa ya kuamka, chakula cha mahindi au mihogo, kiboko na idadi ya mapigo, na pete ya chuma ya shingoni yenye ncha tatu wanayovishwa watoro wakikamatwa. Asimulia jinsi watu hao walivyopenda ngoma na ala zao, na jinsi wengine walivyojiua kwa kutumaini kurudi makwao. Asema pia kwamba sheria ya mfalme iliyopasa kuwalinda haikufuatwa.

Neno Msumbiji katika maandishi ya Wafaransa wa karne ile lahitaji kuangaliwa. Halikuwa jina la kabila, wala halikuwa na maana ya kisiwa cha Msumbiji peke yake. Mtu aliyeitwa Msumbiji kule visiwani huenda alikuwa Mmakua, au Myao, au mtu wa bara ya mbali zaidi ambaye alipitishwa katika bandari ya Wareno na kupakiwa humo. Kutoka pwani iliyo sasa ya Tanzania biashara hiyo ilizidi miaka michache baada ya Bernardin kuondoka. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka, kwa bei ya piastre ishirini kila mmoja. Mkataba huo ungaliko, na mwanafunzi wa historia ya Kiswahili anayeusoma pamoja na waraka wa Bernardin aona ncha mbili za kamba moja: huku Kilwa mtu anaandikwa kwa bei, kule Isle de France anaandikwa kwa mapigo.

Mwisho wa waraka ule ndipo yalipo maneno ya kahawa. Bernardin asema hajui kama kahawa na sukari ni vitu vya lazima kwa furaha ya Ulaya. Ajualo ni kwamba mimea hiyo miwili imezitia msibani sehemu mbili za dunia. Amerika iliondolewa watu wake ili ipatikane ardhi ya kuiotesha. Afrika ikaondolewa watu wake ili wapatikane wa kuilima. Katika miaka ile waliolaani utumwa kwa jina la dini au la ubinadamu walikuwapo; waliolaani kikombe kilichokuwa mezani pa msomaji hawakuwa wengi. Kapiteni huyu aliyekuwa akigombana na kila mtu alijua kugombana na msomaji pia.

Asije akadhaniwa kuwa mtakatifu. Katika matembezi yake ya kukizunguka kisiwa mwaka 1769 watumwa walimchukulia mizigo, na katika nyumba yake walimhudumia kama walivyowahudumia wengine. Aliona haya, lakini hakuacha. Baadaye, Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, alishauri utumwa uondolewe kidogo kidogo, siyo kwa siku moja. Pia aliandika mchezo wa kuigiza ambamo watu weupe ni watumwa wa watu weusi huko Moroko, ili Mzungu ajionee mwenyewe. Mchezo huo haukuchapishwa mpaka amekwisha kufa.

Riwaya yake, Paul et Virginie, ilitokea mwaka 1788 katika juzuu ya nne ya Études de la nature, kitabu ambacho kilikwisha mpatia sifa tangu 1784. Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Wanawake wawili wa Kifaransa, mmoja mjane wa ukoo mzuri na mwingine aliyedanganywa na mwanamume, wakimbilia bondeni katika Isle de France na kulima pamoja. Mmoja ana mtoto wa kiume, Paul. Mwingine ana wa kike, Virginie. Watoto wakua kama ndugu, wapendana. Shangazi tajiri amwita msichana Ufaransa. Baada ya miaka miwili na zaidi arejea katika jahazi Saint-Géran, nayo yavunjika mbele ya macho ya watu pwani. Baharia mmoja amwomba avue nguo apate kuogelea. Virginie akataa kwa haya, afa maji. Paul afa kwa huzuni, na wazazi wamfuata. Jahazi Saint-Géran ilivunjika kweli karibu na kisiwa kile, mwezi wa Agosti 1744, na watu wachache sana waliokoka.

Wasomaji wa Ulaya walilia. Watoto walipewa majina ya Paul na Virginie, na Bernardin mwenyewe, alipooa mara ya kwanza, aliwapa watoto wake majina hayo. Napoleon alikipenda kitabu hicho. Picha za mapenzi yale zilichorwa juu ya sahani, saa na mapazia. Katika bustani ya Pamplemousses wageni walionyeshwa kaburi la watu wawili ambao hawakuzaliwa kamwe. Askari asiye na cheo akawa mkuu wa bustani ya mfalme mjini Paris mwaka 1792, kisha mjumbe wa chuo kikuu cha wataalamu kiitwacho Institut mwaka 1795, akapata riziki ya uzeeni na nyumba kando ya mto Oise. Alifia Éragny tarehe 21 Januari 1814.

Lakini msomaji wa Afrika ya Mashariki aisomapo riwaya hii huuliza swali ambalo waliolia hawakuliuliza: ni nani aliyelima lile bonde? Jibu limo kitabuni. Kila mama ana mtumwa wake. Domingue ni Mwolofu wa Afrika ya Magharibi. Marie ni wa Bukini. Wameoana, wawapenda mabwana zao, walima, wapika, wachukua mizigo, wawatafuta watoto wakipotea, na katika kitabu kizima hawanung'uniki hata mara moja. Mtu aliyehesabu mapigo mwaka 1773 sasa aandika habari za utumwa usio na kiboko, mradi bwana awe mwema. Hapana budi kusema kwamba huku ni kurudi nyuma. Fikira yake ya zamani ya jamhuri ya wakulima wema, aliyomchukulia Katarina, amepata kuitimiza katika karatasi. Na bei yake ni Domingue na Marie.

Hata hivyo shahidi wa kale hakufa kabisa ndani ya mtunzi. Mahali pawili katika riwaya atoa kichwa. Pa kwanza ni pale mwanamke mtoro, aliyekonda kwa njaa na mwenye makovu mgongoni, amwangukiapo Virginie. Msichana, kwa wema wake wa kitoto, amrudisha kwa bwana wake penye Mto Mweusi na kumwombea msamaha. Bwana akubali, kwa kuwa mwombaji ni mzuri wa sura. Watoto wapotea njia wakirudi. Domingue awafikiapo awaambia kwamba amemwona mwanamke yule amefungwa mnyororo mguuni na pete ya chuma yenye ncha tatu shingoni. Ni pete ile ile ya waraka. Kisha watoro wa msituni watokea, wawabeba watoto mabegani hata kwao, kwa kuwa wamewaona wakimsaidia mwenzao. Wema wa Virginie haukumfaa mtoro kitu. Wema wa watoro ndio uliomfikisha Virginie nyumbani. Ni vigumu kujua kama Bernardin aliona alichokiandika, lakini amekiandika.

Neno lenyewe la Kifaransa la mtoro, marron, linastahili kusimamiwa kidogo. Katika visiwa vile lilitumiwa kwa mtu aliyekimbilia msituni, kwa mnyama wa kufugwa aliyegeuka wa mwitu, na kwa mimea. Huko Bourbon kulikuwa na mbuni wa asili ya kisiwa, uliojiotea wenyewe milimani kabla ya ule wa Mokha kuletwa kutoka Yemen mwaka 1715. Nao uliitwa kwa neno hilo hilo, yaani kahawa mtoro. Kiswahili kina mtoro na utoro, lakini hakikupata kuuita mti kwa jina la mtu aliyekimbia. Lugha ya visiwa ilifanya hivyo kwa sababu huko mti na mtu vilikuwa katika daftari moja la shamba.

Mahali pa pili ni mazishi ya Virginie. Kati ya watu wanaokuja kumlilia wamo wanawake wa Bukini na watu wa Msumbiji, ambao huweka vikapu vya matunda karibu na maiti na kutundika vitambaa katika miti, kwa desturi ya nchi zao. Jambo hili limepita upesi katika hadithi na wahakiki wengi wa Ulaya wamelipita upesi zaidi. Lakini kumwekea marehemu sadaka chini ya mti, na kuwapo kitambaa katika ibada hiyo, ni mambo yajulikanayo katika nchi za Wamakua na Wayao, pande zote mbili za mto Ruvuma. Watu wa pwani ya Afrika, ambao hawakupewa nafasi katika nyumba ya riwaya, wameingia kwa mlango wa msiba, na wameingia na desturi yao, haikutungwa na mwandishi. Mistari michache tu. Lakini ni ya kweli kuliko machozi yote yanayoizunguka.

Katika fasihi ya Kiswahili fikira ya kurudi shambani imepata mtunzi wake, Shaaban Robert, ambaye katika Utubora Mkulima alimfanya mtu aache kazi ya mjini na kurudia jembe. Tofauti ni kwamba Utubora alima kwa mkono wake mwenyewe. Na kuhusu utumwa, James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, akisimulia kwa Kiswahili habari alizozipata kwa wazee wake waliotekwa na kukombolewa. Mbotela aweza kulaumiwa kwa kuwasifu mno Waingereza, na amelaumiwa. Lakini katika kitabu chake aliyetekwa ana baba, ana kijiji, na ana njia aliyopitishwa. Domingue hana hata moja ya hayo.

Sasa yafaa kurudi kwenye buni. Utumwa ulikomeshwa Mauritius mwaka 1835, wakati kisiwa kimekwisha kuwa cha Waingereza, na Réunion mwezi wa Desemba 1848. Kutoka Réunion walitoka mapadre wa kwanza wa Kifaransa waliokuja Unguja: Armand Fava na wenzake walifika Desemba 1860. Mwaka 1863 kazi ilishikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Antoine Horner, ambaye naye alikuwa amefanya kazi Réunion. Na mwaka 1868 walianza Bagamoyo, katika bandari iliyokuwa mlango mkubwa wa misafara ya bara. Huko walikusanya watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, wakawapa shule, kanisa, na jembe. Mashamba ya misheni yalilimwa na watu hao chini ya kengele na ratiba kali. Hawakuwa watumwa, wala hawakuwa waungwana wenye hiari kamili. Mbegu iliyotoka katika kisiwa cha utumwa ilipita kwanza katika mikono yao kabla ya kupelekwa mlimani.

Na mlima wenyewe haukuwa nje ya historia hiyo. Mmisionari Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848 alizikuta njia za wafanyabiashara wa pwani zimekwisha kukanyagwa. Katika nusu ya pili ya karne ile Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alikuza nguvu zake kwa pembe na kwa mateka waliouzwa kwa misafara. Wajerumani walipoushika mlima walileta kodi na kazi za kulazimishwa; tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, pamoja na wenzake. Miaka michache kabla ya kitanzi kile ndipo ilipooteshwa mibuni ya Kilema. Mtu aliyesoma waraka wa Bernardin angeweza kutabiri yatakayofuata: ardhi itachukuliwa, wenyeji watasukumwa, na watu watashurutishwa kuilima kahawa ya wengine.

Sehemu moja ya utabiri huo ilitimia. Chini ya vihamba, walowezi wa Kijerumani, wa Kigiriki na wengineo walipata mashamba makubwa, na ardhi ya wenyeji ikabanwa kati ya mashamba hayo na msitu. Sehemu ya pili haikutimia, na sababu yake ni kihamba. Mchaga hakuhitaji kuhama ili aoteshe mbuni. Aliuweka chini ya mgomba aliourithi, akaunywesha kwa mfongo uliochimbwa na ukoo wake. Baadhi ya wamangi walikuwa na miche kabla ya vita ya 1914. Baada ya vita hiyo mkuu wa wilaya wa Kiingereza, Charles Dundas, aliwahimiza watu waoteshe kwa wingi. Dundas huyu ndiye aliyeandika Kilimanjaro and its People mwaka 1924, na baadaye Asili na Habari za Wachaga kwa Kiswahili.

Walowezi walilalamika. Walisema kahawa ya Waafrika italeta magonjwa na wizi, nao waliogopa pia, ingawa hawakupenda kulisema kwa sauti, kukosa vibarua, kwa maana mtu mwenye mibuni yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Wakulima walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kiongozi wake akiwa Joseph Merinyo, ili kuilinda mibuni na kuuza pamoja. Mwaka 1933 mahali pake palishikwa na muungano wa vyama vya ushirika, KNCU, wenye makao yake mjini Moshi. Mambo hayakuwa shwari. Serikali ilishurutisha kahawa yote ipite katika vyama, bei zikaanguka, na mwaka 1937 watu wenye hasira walishambulia majengo ya vyama hivyo vyao wenyewe. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na KNCU haikurudi mpaka 1984. Bei za miaka ya tisini na baadaye ziliwafanya wengi waipuuze mibuni, na vijana wakaenda mjini.

Kwa hiyo haingekuwa haki kuuita Kilimanjaro ile jamhuri ya wakulima wema aliyoitafuta Bernardin. Lakini ushuhuda wake wa 1773 una kasoro moja ambayo mlima huu umeionyesha. Aliitaja mimea kana kwamba ndiyo iliyofanya: kahawa na sukari ziliondoa watu, kahawa na sukari zilileta msiba. Buni ya Bourbon iliyolimwa na mateka kule kisiwani, na buni ya Bourbon iliyofika Kilema, zilikuwa mbegu moja. Kilichotofautiana ni nani aliyeshika ardhi, nani aliyeamua siku ya kuchuma, na nani aliyebishana juu ya bei. Yule Mfaransa alijua jambo hili, kwani waraka wake wote umejaa majina ya vitu vilivyofanywa na watu: baruti, pete, kiboko. Katika sentensi yake mashuhuri alilisahau, na sentensi hiyo ndiyo iliyokumbukwa.

Riwaya yake yaanza penye magofu. Msafiri akuta bondeni mabaki ya vibanda viwili na shamba lililoachwa, na mzee mmoja amsimulia habari za waliokaa humo. Hakuna mrithi. Paul na Virginie wamekufa bila mtoto, na Domingue na Marie, ambao ndio walioifyeka ardhi ile, wametajwa kufa katika mistari michache bila ya kaburi lao kuonyeshwa. Katika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichochapishwa mwaka 1947, Petro Itosi Marealle ameeleza jinsi kihamba kinavyopokelewa na mwana kutoka kwa baba, na jinsi wafu wanavyolala humo humo. Katika vihamba vya Kilema makaburi yako kati ya migomba, masale yameoteshwa kando yake, na mibuni imesimama hatua chache kutoka kwa watu walioiotesha.